Kuku wa Shangazi na Siku Nne za Magugu

Enzi zetu mtoto hakuulizwa kama anataka kusafiri. Alishtukia tu anasuguliwa miguu kwa jiwe, anapakwa mafuta ya mgando mpaka anang'aa, anavalishwa sweta hata kama jua linachoma, kisha anaambiwa asikanyage matope. Najua wazee wakinisikia nikisema "enzi zetu" watacheka, maana nina miaka thelathini na kidogo tu. Lakini sisi tuliokuwa shule ya msingi wakati simu za kwanza zenye tochi zinaingia Kitale, tuliocheza bladda na brikicho mpaka mama zetu wakatufuata na fimbo, nasi tumeshakuwa watu wa kale. Wanangu wamenithibitishia hivyo mara nyingi.

Nataka kusimulia safari yetu ya meli. Ndiyo, meli. Watu wa Kitale na meli, wapi na wapi? Sisi tulizoea mahindi, baridi, na mvua ya saa nane mchana. Maji mengi tuliyowahi kuyaona ni mto Nzoia ukiwa umefura. Lakini baba alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa mahindi pale Kitale, na mwaka ule, nikiwa darasa la tano, aliagizwa aandamane na shehena ya magunia kutoka Kisumu hadi Mwanza, kwa meli ya mizigo iliyokuwa na vyumba vichache vya wasafiri. Ilikuwa likizo ya Agosti. Baba akasema tutakwenda sote, yeye, mama, kaka yangu Wafula, na mimi Nekesa.

Wafula aliruka kwa furaha hadi akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Mimi sikuruka, kwa sababu nilikuwa nimeona mama anavyofunga mizigo. Nguo za Wafula zilikuwa mashati mawili kwenye mfuko wa plastiki. Zangu zilijaa sanduku zima la bati. Mama aliweka sare ya shule, viatu vya Jumapili, blanketi langu, hata kile kikombe changu cha kijani. Mtu anayekwenda kutembea hachukui kikombe chake.

Watoto wa siku hizi wangeitisha kikao cha familia. Sisi tuliambiwa mambo njiani. Lori la mahindi lilipofika Bungoma, baba alimwomba dereva akate kona kwenda Bumula, nyumbani kwa marehemu nyanya yetu, tuliyemwita kukhu, ambaye mimi nimerithi jina lake. Baba mdogo, aliyebaki kulinda boma, alitoka na kuku jike mwekundu, mnono, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Akanipakatisha kuku yule mimi mwenyewe, akaniambia bila kuzungukazunguka:

"Huyu ni wa shangazi yako wa Mwanza. Na wewe pia. Mnaenda pamoja, mnabaki pamoja. Sawa?"

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Mwanza na hakujaliwa mtoto. Alikuwa ameandika barua akisema, "Nekesa ni jina la mama yangu. Basi nipe mama yangu nikae naye." Kwetu ombi kama hilo si jambo la kukataa hivi hivi. Tena huyo ndiye dada aliyembeba baba mgongoni kukhu alipokuwa shambani, ndiye aliyemtafunia nyama kabla hajaota meno. Baba hangeweza kumwambia hapana. Mama naye, mke wa kuolewa, angeanzia wapi kumnyima wifi yake? Alitazama nje ya dirisha la lori tangu Bumula mpaka Mumias, mikono ameikunja mapajani. Mimi nilimkumbatia kuku. Tulikuwa wawili, mimi na yeye, na wote tulikuwa zawadi.

Lazima niseme pia habari ya mtungi. Mtu fulani sokoni Kitale alikuwa amemwambia mama kwamba maji makubwa yote ni ya chumvi, ukiyanywa unakufa na kiu. Kwa hiyo mama alibeba maji ya kisima chetu, mtungi mzima wa plastiki wa lita ishirini, kuyapeleka ziwani. Mpishi wa meli alipomwona anaupandisha kwenye ngazi huku jasho linamtoka, alishika kiuno akacheka. Alikuwa mtu wa Kisumu, mnene, mpole, tuliyemwita Baba Akinyi.

"Mama, sasa hii maji unapelekea nani? Unaona hii yote? Ni ya kunywa."

"Ya kwangu inatoka Kitale," mama alijibu, na akaukalia mtungi wake.

Tuliondoka Kisumu mchana. Wafula na mimi tulishika vyuma vya ukingoni tukatazama mji ukirudi nyuma. Baba alikuwa chini na makaratasi yake, anahesabu magunia, simu sikioni. Hivyo ndivyo nilivyomjua baba wakati huo. Alikuwa mtu wa kuondoka tukiwa tumelala na kurudi tukiwa tumelala. Nilijua kikohozi chake, nilijua buti zake mlangoni, na nilijua kwamba nyama kubwa kwenye sufuria ni yake. Ukiniuliza zaidi ya hapo nisingekuwa na jibu, na sikuona kwamba kuna kasoro. Baba za wenzangu walikuwa vivyo hivyo.

Hatujaenda mbali tukaona ziwa limegeuka shamba. Wenye kukumbuka miaka ile watanielewa. Magugu maji yalikuwa yametanda kijani kibichi mpaka macho yanakoma, na maua ya zambarau juu yake, na yangeyange wanatembea juu kama wako uwanjani. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nahodha akaeleza kwamba mizizi imeziba mahali pa kuvutia maji ya kupoza mashine, na hata tukisafisha, mbele kumefungwa na nyuma kumefungwa. Hakuna la kufanya ila kungoja upepo ugeuke uyasukume.

"Tutangoja saa ngapi?" baba akauliza.

Baba Akinyi ndiye aliyemjibu. "Mzee, hapa hakuna kitu ya saa. Hapa ni siku."

Baba alizunguka meli ile kama kuku anayetaka kutaga. Alipiga simu mpaka betri ikaisha, na mashine ikiwa imezimwa hapakuwa na umeme wa kuchaji. Aliihesabu shehena upya, ikatimia. Akaihesabu tena. Kesho yake asubuhi akawa hana kitu chochote cha kufanya duniani. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alivua viatu, akaviweka kando, akalala chali kwenye kivuli cha turubai. Mimi na Wafula tulinyata kwenda kuangalia nyayo zake. Hatukuwa tumewahi kuziona. Moja ilikuwa na kovu refu kisiginoni, na tulipiga kura nani amwulize. Kura ikaniangukia.

"Ni jembe," alisema bila kufumbua macho. "Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nakimbia kukwepa kuosha vyombo. Kukhu wako alinifunga jeraha kwa leso yake ya kanisani, halafu akanipeleka kuviosha."

Nilicheka. Akafumbua jicho moja akanitazama, akaonekana kushangaa kwamba ninacheka.

Siku zile za magugu sijapata kuona mfano wake. Hapakuwa na kengele wala kuteka maji, hapakuwa na "Nekesa, ng'ombe wameingia shambani." Tuliamka wakati wowote. Asubuhi ziwa lilinuka majani mabichi na samaki, na mchana mabati ya meli yalipata moto hadi ukiweka mguu unaruka. Mabaharia walifua, wakaanika, wakalala. Viboko walikoroma mahali fulani ndani ya kijani tusikokuona. Wafula aliamua kuwa nahodha, akaamrisha yangeyange siku mbili mfululizo na hakuna hata mmoja aliyemtii. Mama alifuma kitambaa cha kochi. Kuku wa shangazi, aliyefunguliwa kamba ili anyooshe miguu, alikuta kamba nene za meli zimezungushwa vizuri, akaona hiki ni kiota, akataga. Alitaga kila siku. Baba Akinyi alikuwa akimtazama sana yule kuku, na mama alikuwa akimtazama sana Baba Akinyi.

Mimi nilifurahi, na nilikuwa na siri. Watu wazima wote waliomba upepo uje. Mabaharia waliuomba kwa Kijaluo, mama aliuomba kwa zaburi. Mimi nilijificha nyuma ya pipa nikaomba usije. Nilimwambia Mungu kwamba sina shida na magugu, ayaache tu, hata yaongezeke. Kila asubuhi niliyoamka nikaona kijani nilipumua, nikajua leo pia mimi ni mtoto wa kwetu.

Siku ya pili Baba Akinyi alichora mraba wa drafti sakafuni kwa mkaa, akatoa vizibo vya soda na bia. Alimfunga baba mara mbili, kisha akaenda kupika. Baba akabaki na vizibo vyake. Wafula alikuwa kazini na ndege wake. Baba akatazama huku na huku, akaniona.

"Unajua hii?"

"Hapana."

"Kaa."

Alinifunza. Alinifunga mchezo wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, bila kunihurumia. Mchezo wa saba, karibu na jioni, nilimla vizibo vitatu kwa mruko mmoja. Aliinama akachunguza ubao kama mtu anayetafuta sindano.

"Ati nani amekufundisha hii?"

"Si ni wewe. Hapa hapa."

Alinitazama. Kisha akauliza, "Uko darasa la tatu, si ndiyo?"

"La tano."

"La tano," akarudia. Akapangua vizibo. "La tano, na mimi sina habari."

Tangu hapo hatukuachana. Kesho yake tulicheza toka chai ya asubuhi. Aliniambia jinsi alivyokuwa akiogopa radi akiwa mdogo, na jinsi kukhu alivyokuwa anazungumza na kuku zake kwa majina. Mimi nilimwambia kwamba ninataka kuwa mwalimu wa hesabu, kwamba Wafula anakojoa kitandani mvua ikinyesha, kwamba mimi pia naogopa radi. Alisema tunafanana basi. Alitamka neno hilo polepole. Kuna mahali niliinua macho nikamwona mama ameweka kitambaa chake mapajani, sindano imesimama, anatutazama. Mama yangu alijua wakati wa kusema na wakati wa kuacha sufuria ichemke yenyewe.

Sikuthubutu kumwuliza baba habari ya Mwanza. Naye hakuitaja. Lakini sanduku langu la bati lilikuwa pale mlangoni mwa chumba, na kila aliyetaka kupita ilibidi alikwepe.

Chakula kilianza kupungua. Sukuma wiki ziliisha siku ya pili. Siku ya tatu tulikula ugali kwa omena, na jioni yake ugali kwa chumvi. Mitumbwi ya wavuvi haikuweza kupenya kutufikia. Tena hapa ndipo unapomjua karani wa kweli, kwa sababu chini yetu mlikuwa na mahindi ya kulisha kijiji, na baba hakukubali hata gunia moja lifunguliwe. "Si yangu," alisema, na mabaharia wakaacha kumwuliza. Maji ya ziwani nayo, kwa kuoza kwa mizizi, yalikuwa yameanza kunuka hata yakichemshwa. Ndipo mama alipofungua mtungi wake wa Kitale. Alimpimia kila mtu kikombe, akianza na nahodha. Zamu ya Baba Akinyi ilipofika, mama alimwuliza kwa upole, "Na wewe utakunywa hii ya kwangu, ama ile yote?" Meli nzima ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote, akanywa akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Siku ya nne, saa za mchana, baba alisimama mbele ya kiota cha kamba akamtazama kuku wa shangazi kwa muda mrefu. Kisha akamchukua akampelekea mpishi.

Mama aliacha kufuma. "Baba Wafula. Huyo ni kuku wa watu."

"Watoto wana njaa."

"Tutafika kwa dada yako na nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Najua," baba akasema.

Nililia. Nililia kwa ajili ya kuku, maana tulikuwa tumetoka Bumula pamoja, na nililia pia kwa sababu nilidhani sasa nimebaki zawadi peke yangu. Lakini njaa haina aibu. Harufu ya mchuzi ilipoanza kupanda, machozi yalikauka yenyewe.

Sasa, asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Kwetu Bungoma kuku si nyama tu, kuku ana itifaki. Kila kipande kina mwenyewe. Zamani wanawake hawakuonja kabisa, na hata katika siku zetu, walipokuwa wakila, firigisi haikuguswa. Firigisi ni ya mwenye boma. Mgeni mheshimiwa anaweza kupewa, lakini akipewa anajua amepewa nini. Mwanamke aliyepika akiikosa kwenye sahani ya mume, kesi hiyo ilifika kwa wazee. Mimi nilikuwa nimekula kuku mara nyingi, shingo, mguu, bawa. Firigisi nilikuwa naijua kwa sura tu.

Baba Akinyi alileta sinia. Firigisi ilikuwa kwenye kibakuli chake peke yake, mbele ya baba, maana mama alikuwa amempa mpishi maagizo. Tuliketi chini ya turubai. Baba aliomba sala fupi. Akaichukua firigisi kwa vidole. Wafula alimeza mate, kwa kuwa yeye ndiye kijana wa kiume na mara moja moja aliwahi kukatiwa kipande. Baba alinyoosha mkono, ukampita Wafula, akaiweka kwenye sahani yangu. Nzima.

Nilimtazama mama nikingoja kugombezwa. Mama alikuwa ameacha kutafuna.

"Baba Wafula," alisema. "Umeona mahali umeweka?"

"Nimeona."

"Anayekula hiyo ndiye mwenye boma."

"Ndiyo."

"Na mwenye boma haachwi kwa watu."

"Nani amesema anaachwa?" baba akauliza. Kisha akanigeukia. "Kula, mama. Itapoa."

Nilikula. Ilikuwa ngumu, inateleza, ina ladha ya chuma kidogo, na mpaka leo sijala kitu kitamu zaidi. Mama alisimama akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni, ingawa jiko lilikuwa upande wa pili wa meli na upepo haukuwapo. Aliingia chumbani. Nikasikia lile sanduku la bati linaburutwa toka mlangoni, linasukumwa chini ya kitanda. Akarudi na kikombe changu cha kijani, akanijazia maji ya Kitale.

Mzigo uliokuwa kifuani mwangu tangu Bumula ulishuka, na nikalala usingizi mchana ule kwenye bega la baba, mdomo wazi. Wafula alinuna mpaka jioni kwa ajili ya firigisi. Simlaumu.

Asubuhi ya siku ya tano upepo uligeuka. Magugu yalifunguka katikati kama nywele zinazochanwa, mashine ikakohoa ikashika, na kesho yake tukaingia Mwanza mkono mtupu. Shangazi alikuwa amesimama bandarini na gauni jipya. Alikuwa na sura ya baba, na alinikumbatia mpaka nikakosa hewa. Alipomaliza, alitazama mikono yetu.

"Kuku yangu iko wapi? Ndugu yangu aliandika kuna kuku."

"Tulimla ziwani," baba akasema. "Firigisi alikula Nekesa."

Shangazi alikuwa mtoto wa Bumula, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aligeuka kidogo akatazama maji, na nikaona bega lake likipanda na kushuka. Halafu akanishika mkono. "Basi karibu kwangu, mwenye boma," akasema. "Utakaa siku ngapi?" Tulikaa wiki moja, na kila Agosti baadaye nilikwenda kwake kwa hiari yangu. Alinifundisha kupika ndizi na kusema Kiswahili kisichokanyagana. Nilimpenda sana, pengine kwa sababu nilijua nitarudi.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu wawili kwa baba, kule Bumula alikohamia baada ya kustaafu. Nilitegemea watamzunguka awasimulie habari. Kila mmoja alichagua kona yenye mtandao, akainama. Mkubwa aliniuliza kwa nini kwa babu hakuna kitu cha kufanya. Nilimwambia hiyo ndiyo maana tumekuja, akanitazama kama mtu aliyeniona naumwa. Tulikuwa tumetoka Nairobi kwa ndege asubuhi hadi Kisumu, na saa sita tukawa tunakunywa chai ya babu. Alikuwa amenitolea ubao wa drafti. Alinifunga mara mbili, na wakati tunapanga mchezo wa tatu nilimwuliza nililokuwa nimelihifadhi miaka yote hiyo. Ilikuwaje akabadili nia?

Alisogeza kizibo kimoja kwanza. Baba hutazama ubao anapokuambia ukweli.

"Ile meri ingefika Mwanza kesho yake," alisema, maana mpaka leo kwake ni meri, "ningekuacha. Ningekuacha na nirudi Kitale kazini, na ningelala vizuri. Sikuwa nakujua, mama."

Nilimla vizibo viwili.

Tulirudi kwa njia ile ile, na ndege ilipopaa juu ya Kisumu niliyaona tena, kijani kimetanda ghubani toka ukingo hadi ukingo. Abiria aliyekaa karibu nami alisonya akasema magugu haya ni laana. Niliwanyang'anya wanangu simu zao, nikawaambia watazame chini. Walinuna, wakatazama. Mdogo akauliza kuna nini pale, yeye haoni kitu, ni majani tu. Nikataka kumweleza, lakini ndege ilikuwa imeshaingia mawinguni. Siku hizi tunafika haraka sana.